Taa ya Wamagana

Baba,

Hakuna tena mtu wa kuniita maitu, mama. Ulinipa jina la mama yako, Wangui, na tangu nikiwa mdogo ukaniita mama yako mbele ya watu bila haya. Ofisini mimi ni Wangui. Nyumbani... nyumbani siitwi kitu. Mama haongei nami.

Wacha nikueleze, maana uliondoka bila kujua.

Unakumbuka siku uliyokuja Nyeri kuniona kazini? Nilikuingiza kwenye chumba cha mtambo wa simu, ukavua kofia kama uko kanisani. Nikakuonyesha zile taa za ukutani, kila moja na jina la mahali pake: Kianyaga, Timau, Wamagana kwetu. Nikakwambia simu za huko zikikatika, taa huwaka nyekundu na kengele hulia. Ikalia pale pale, ukaruka. "Haya maitu, nenda umwone, analia," ukasema, kana kwamba ni mtoto wa mtu. Tulicheka mpaka Githinji, mkubwa wetu, akachungulia mlangoni.

Siku ile ya mvua kengele haikunyamaza tangu asubuhi. Maji yalikuwa yameingia kwenye nyaya kila mahali. Ikawaka taa ya Timau, ikawaka ya Kianyaga, na mchana ikawaka ya Wamagana. Nilimwambia Githinji, "Bosi, hiyo ni ya kwetu. Nipe gari niende." Akanijibu bila ubaya, Baba, na hilo ndilo linaniumiza. Akasema, "Gari ni moja, Wangui. Hospitali haina simu. Kwenu watangoja kidogo." Kisha akaizima kengele ili tuweze kusikilizana. Taa ikabaki inawaka. Nikashughulikia laini ya hospitali, na kila nikiinua kichwa naiona.

Wakati huo ulikuwa umeanguka shambani kwenye kahawa, umeshika kifua. Mama alikimbia na mvua hadi dukani kwa Nyawira, akainua simu. Kimya. Akaigongagonga, akaita jina langu ndani ya simu iliyokufa. Nyawira ndiye aliyeniambia hilo, na natamani asingeniambia. Walipopata pikapu ya maziwa barabarani, ulikuwa umeshaenda.

Kwenye matanga, mwenzangu wa kazi alitaka kunifariji. Akasema mbele ya watu, "Wangui alijaribu. Aliona taa, akaomba gari."

Mama aligeuka polepole. "Ati uliona?"

Nikasema ndiyo.

"Ulijua simu yetu imekufa, na ukakaa?"

Nilitaka kumweleza habari ya gari, ya hospitali, ya wagonjwa wa watu. Badala yake nikainama kuokota vikombe vya watu. Tangu hapo hunipa chai, huniwekea chakula, lakini neno hapana.

Baba, nimechoka. Kengele ikilia naacha chochote nilichoshika. Ikinyamaza ni vibaya zaidi. Wenzangu wanataka izimwe kabisa, ujumbe uchapwe tu kwenye karatasi, mtu asome akipata nafasi. Akipata nafasi! Nimegombana nao mpaka wananikwepa wakati wa chai. Hata kusali siwezi vizuri. Nikipiga magoti namuuliza Mungu kwa nini hakungoja nimalize ile ya hospitali. Halafu najiuliza, kama ningekuja kwetu, ni baba wa nani angekufa? Naizungusha hiyo kichwani mpaka asubuhi, na sipati jibu. Wewe ungelipata?

Wiki iliyopita taa ya Wamagana iliwaka tena. Gari lilikuwa limeenda Timau. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilichukua mkanda wa kupandia nguzo na koleo langu, nikaomba lifti kwenye lori la mbao. Tawi la mti lilikuwa limelalia waya karibu na duka. Nyawira hata hakuwa amejua simu imekatika. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, hakuna aliyekuwa na haraka. Nikapanda nguzo hivyo hivyo, nikatengeneza, na huko juu nikaanza kulia kwa sauti, watoto wa shule wakinitazama. Nilikuwa nimefika, Baba. Nilikuwa nimefika, na hukuwapo.

Mama akatokea na gunia la kahawa mgongoni, anaelekea kiwandani. Nikangoja apite. Hakupita. Alitua gunia akainua uso.

"Shuka," akasema. "Ukianguka, mimi nitabaki na nani?"

Nilishuka. Hatukukumbatiana, hilo hamkunifundisha. Nilichukua gunia nikajitwika, tukatembea. Penye matope alinishika kiwiko, na tulipopita matope hakukiachilia.

Nisikudanganye ati mambo yametengenea. Githinji amenipa onyo, na pengine kazi itakwisha. Jana Mama alikuwa kimya tena. Mimi bado naamka nikiwa nimekunja ngumi.

Pumzika, Baba. Udongo wa kwetu ukubebe vizuri. Kila Jumamosi nitakuwa shambani nikichuma na Mama, aongee asiongee. Na siku atakapokuwa na nguvu za kuniuliza tena juu ya siku ile, nitaketi chini mbele yake nimjibu yote, hata akinipiga, hata akilia. Sitaondoka hapo mpaka amalize.

Binti yako,
Wangui