Kadi ya Viatu Inayorudi na Salio Lake Lote

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba usinicheleweshe, kwa sababu daktari ameacha kuniambia nirudi lini, nami nilifundisha hesabu miaka mingi kiasi cha kujua maana yake mtu anapoacha kutaja tarehe.

Nilipostaafu ualimu niliweka meza kwenye kona ya duka la vifaa vya simu, nikawa nanunua na kuuza kadi za zawadi, zile za plastiki ambazo mtu hupewa na mwajiri au na wakwe zikiwa zimeshatiwa pesa, ila pesa hizo hazitumiki isipokuwa katika duka moja tu, basi asiyelitaka duka hilo alikuja kwangu nikampa taslimu pungufu, kisha nikamtafuta anayelitaka nikamuuzia kwa bei ya juu kidogo. Watu walikuwa wakinigombeza, "Mwalimu, kadi ni ya mia, mbona unanipa sabini?" nami nawaeleza kama niko darasani kwamba kadi ya duka la vyakula huuzwa karibu na thamani yake kwa kuwa kila mtu anakula, ya viatu hushuka, ya saluni hushuka zaidi, na ikiwa ule utepe wa rangi ya fedha unaofunika tarakimu za siri umeshakwanguliwa hushuka kuliko zote, maana huenda kuna mtu amezinakili na atazitumia kabla yako. Kila kadi iliyopita mikononi mwangu niliitia tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye pembe, nisije nikauziwa ileile mara mbili bila kujua.

Sasa, mdogo wangu alipokuwa amelazwa hospitali aliniita, akanipa kadi ya duka la viatu, akasema, "Dada, binti yangu anaanza shule mpya, mnunulie viatu vyeusi vya ngozi, saizi thelathini na mbili, na tafadhali visimbane." Nikasema nimesikia. Asubuhi iliyofuata akaja mezani kwangu fundi wa majokofu anayetafuta kadi ya duka hilohilo kwa bei karibu na kamili, na kichwa changu cha biashara kikaniambia, muuzie, wiki ijayo utapata nyingine ya thamani hiyo kwa bei ya kutupa, mtoto atapata viatu vyake na wewe utabaki na chako, nani ataumia hapo? Nikauza. Mdogo wangu akafariki kabla wiki haijaisha, mazishi yakaja, mtoto akaanza shule na raba zilizotoboka kwenye kidole gumba, nami niliyemchukua na kumlea sikumnunulia kadi nyingine wala viatu vile mpaka leo.

Yule fundi alirudi. "Mwalimu, ichukue, nipe nusu."

"Kwani duka limefungwa?"

"Halijafungwa. Nimechagua viatu vyangu, nimefika kwa keshia, mwanamke nyuma yangu akaniuliza, kaka, hivyo si vikubwa mno kwa mtoto? Nikageuka. Hapakuwa na mtu, Mwalimu. Hata foleni haikuwepo."

Nikamcheka, nikapiga simu ya salio, ile inayojibiwa na mashine, salio likawa kamili, nikampa nusu yake, nikaiuza tena kwa bibi harusi mmoja, naye akairudisha kwa robo ya thamani bila kunieleza chochote, aliuliza tu kwa sauti ndogo, "Hivi saizi thelathini na mbili ni ya mtoto wa miaka mingapi?" Nikaiuza mara ya tatu kwa mpita njia nisiyemjua, na siku hiyohiyo nikafunga biashara. Hapo ndipo hesabu zangu zilipogoma, mshauri, kwa sababu bei ya kadi hushuka pale duka lisipopendwa, au muda wake ukikaribia kwisha, au utepe ukikwanguliwa, na hii haikuwa na kasoro hata moja kati ya hizo, haina tarehe ya mwisho, salio halijapungua hata senti, ila kila aliyeishika alitaka kuachana nayo haraka kuliko aliyemtangulia.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwa dobi, na ndiye anayeniogesha na kunigeuza kitandani. Mwezi uliopita aliingia anacheka. "Mama Mkubwa, leo nimeokota bahati! Kuna mteja kashindwa kulipia nguo zake, kanipa kadi hii, eti ina salio lote. Wewe ndiye mtaalamu, itauzika ngapi? Nataka nikununulie godoro la hewa, mgongo wako usizidi kuchubuka." Nikaigeuza. Tone jekundu lilikuwa pale pale kwenye pembe.

Nikamwambia aniachie nifikirie bei, na tangu hapo iko chini ya mto wangu, na kila akitoka kazini ananitania, "Vipi, Mama Mkubwa, bado unapiga hesabu? Wanafunzi wako walifaulu kweli?" Mchana, nyumba ikiwa tupu, nasikia viatu vipya vikitembea koridoni, vya ngozi ambayo bado haijalainika, hatua za mtoto anayejaribishwa, anakwenda hadi jikoni, anarudi, anasimama mlangoni kwangu kama anayesubiri kuulizwa kama vinambana.

Nifanye nini? Nimwambie kadi haina kitu, kisha niichome moto? Nimtajie bei iende zake tena? Au nimwambie ukweli, halafu nife bila mtu wa kunishika mkono, maana sina mwingine? Tarakimu za mbele za kadi nimekuandikia hapo chini ili ujihakikishie kwamba akili yangu bado ni timamu.

Mwalimu wa Hesabu

*Mshauri anajibu*

Shikamoo, Mwalimu. Pole sana kwa maumivu ya mgongo, na pole kwa kufiwa na mdogo wako, kwa sababu naona hukuwahi kumlilia vizuri. Heshima yako nimekupa. Sasa nisikilize.

Wewe uliyeishi kwa biashara hii, unaandikaje tarakimu za kadi kwenye barua? Tumezifuta kabla ya kuchapisha, wala usirudie.

Unauliza mambo matatu, na mawili kati ya hayo ni wizi uleule wa kwanza. Huwezi kuichoma, si yako. Huwezi kuitajia bei, si yako. Ulitafuta sababu ya bei kushuka kwenye duka, kwenye tarehe na kwenye utepe, ukasahau kuangalia ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Mikononi mwa mtu mmoja tu ina thamani kamili, na mtu huyo anakugeuza kitandani kila siku.

Unaogopa atakuachia mkono. Huenda akakuachia, na ana haki. Mtafute jirani wa kukusaidia siku mbili tatu kama binti atahitaji kukaa mbali nawe. Lakini usimfanye akuuguze kwa kumficha kitu chake chini ya mto.

Leo akirudi mwache anywe maji na akae. Usianze na ugonjwa wako, kifo si ngao. Sema, "Kadi hii mama yako alinipa nikununulie viatu vya shule, nikaiuza." Ishia hapo. Usiweke "lakini". Mpe mkononi. Akisema aiuze apate godoro, kataa kabisa. Uza saa yako, uza redio, uza kilicho chako. Yeye aende dukani akachague viatu.

Kuhusu hizo hatua za koridoni, nilikuwa nimeshaandika kwamba ni dawa za maumivu zinazokuchezea. Kisha, kabla ya kuzifuta tarakimu zako, nikapiga ile simu ya salio. Mashine ikanisomea: kamili. Nikangoja ikate. Haikukata. Ikaja sauti ya mwanamke, ya taratibu, kama ya mtu anayeongea akiwa amelala chali, ikaniuliza, "Sasa anavaa saizi gani?"

Saizi yake mimi siijui, Mwalimu. Muulize binti leo.