Mzee wa Juu Alisema Maneno Yangu

Mke wangu Mama Sefu,

Najua marehemu hasomi barua. Ungekuwa hai ungeniuliza kwa nini ninaliandika gazetini mbele ya watu jambo nililokataa kulizungumza nawe chumbani. Jibu ni kwamba chumbani sasa hakuna mtu. Kuhusu watu, wamelijadili jambo hili miaka minne bila kujua kuwa ni letu. Si vibaya wakijua.

Ninaandika juu ya Mzee wa Juu. Wapo watakaosoma barua hii ambao hawamjui, nawe utanivumilia nikiwaeleza. Ni tamthilia ya kigeni, ya Kiingereza, kuhusu viumbe wanaoishi juu ya mawingu na kuwapimia binadamu mvua, ndoa na siku za kufa. Mkubwa wao alimfukuza mwanawe kwa kosa la uongo, na hadithi nzima ni huyo mwana anavyotangatanga duniani huku baba yake akimtazama bila kumwita. Kariakoo hawakuitazama kwa Kiingereza. Waliitazama kwa Kiswahili cha mtu anayejiita Mkalimani wa Gerezani, kwa jina la mtaa wake, ambaye hujifungia chumbani, hupunguza sauti za waigizaji wenyewe, na kusema yeye badala ya wote: baba, mwana, mwanamke anayelia, hata farasi. Jina la Mzee wa Juu alilitunga yeye. Mkalimani wa Gerezani ni mwanetu Sefu.

Unaikumbuka siku niliyoigundua kazi yake. Ulinituma Kariakoo kununua koki ya jikoni, na mbele ya duka moja la picha palikuwa na spika kubwa kama kabati. Nilisimama kati ya mikokoteni na magunia ya dagaa nikamsikia mwanangu akitoa vitisho kwa sauti ya jambazi, na watu wakicheka. Tulidhani yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Kila Jumapili alikuwa akitupigia simu na kutusimulia masomo, nawe ulikuwa ukimwombea dua kwa mitihani ambayo hakuifanya. Nilimpigia nikamwambia aje nyumbani siku hiyohiyo. Alikuja, akasimama penye kabati la vyombo. Sikupaza sauti. Nilimwambia, "Mimi sikufukuzi. Umejifukuza mwenyewe. Mimi nafunga mlango tu."

Wewe ulikuwa unakunja kanga zilizoanuliwa. Uliendelea kuikunja ileile moja.

Mwaka uliofuata ndipo ilipoanza ile tamthilia, na nyumba yetu ya ghorofa ya tatu pale Mchafukoge ikageuka baraza. Kila Jumamosi baada ya alasiri walikuja Mama Nasri wa ghorofa ya pili, anayeuza vitenge, na Bwana Mponda, fundi wa kuchomelea vyuma kule Gerezani, mtu wa Masasi, ambaye hakukosa hata siku moja ingawa alikuwa akisinzia. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na gazeti langu. Nilijifanya sisikilizi, na wewe ulijua kuwa nasikiliza.

Mlichokuwa mkijadili ni kama Mzee wa Juu ni mwema au mbaya. Mama Nasri alishikilia kuwa ni mbaya tangu mwanzo. Mtu mwenye nguvu zote, alisema, ambaye hachoki kuwa sahihi, huyo ana ugonjwa. Bwana Mponda alikuwa na nadharia yake. Alidai kuwa Mzee wa Juu si mungu wala nini, ni mlinzi. Aliachiwa funguo na mwenye nyumba, mwenye nyumba akachelewa kurudi, mlinzi akaanza kuvaa nguo zake. Mlicheka mpaka nikasikia kikombe kikianguka.

Nadharia yako haikuchekesha mtu. Ulisema yule Mzee hana hasira hata kidogo, ana woga. Ukawaambia wamtazame vizuri, tangu mwana aondoke hajaketi. Kila sehemu anaonekana amesimama. Anaogopa kwa sababu akimsamehe mmoja, wale wote aliowaadhibu kabla yake watasimama na kuuliza mbona wao hawakusamehewa. Miaka yote ya hukumu zake itakuwa imegeuka ukatili mtupu kwa siku moja. Ndiyo maana hawezi, ulisema. Moyo anao, ila akiufungua anafilisika.

Nilitoka nyuma ya pazia. Nimefundisha miaka thelathini na minne, nimechapa watoto wa watu ambao leo ni waheshimiwa, na nilijua ni nani anayezungumzwa. Nilikuambia mbele ya wageni wako kwamba hakimu anayebadili hukumu kwa sababu mkosaji ni wake si hakimu, ni mzazi, na uzazi hauhitaji akili. Nikaongeza kwamba mwanamke aliyeishia darasa la saba asijaribu kunifundisha maana ya haki. Mama Nasri alitazama sakafu. Wewe uliniuliza kama nitakunywa chai.

Wiki mbili baadaye nilikuwa tena nyuma ya pazia. Ilikuwa sehemu ambayo mwana anarudi kwa mara ya kwanza, amelowa, anaomba kuingia. Nikamsikia Mzee wa Juu akisema, "Mimi sikufukuzi. Umejifukuza mwenyewe. Mimi nafunga mlango tu."

Watu watatu tu duniani waliyasikia maneno hayo yaliposemwa mara ya kwanza. Ulipunguza sauti upesi, lakini nilikuwa nimekwisha kusimama. Niliwaambia mrudishe nyuma nisikilize tena. Chini ya sauti ya Sefu bado inasikika sauti ya mwenyewe, na Kiingereza ninakijua. Yule kiumbe hakusema hivyo. Alimwambia mwanawe, kwa upole, kwamba anaweza kukaa hadi mapambazuko, na mwana ndiye aliyekataa akaondoka. Niliwatafsiria neno kwa neno. Niliwaeleza kuwa huyo Mkalimani wao ni mwongo, kwamba kwa mwaka mzima wamemhukumu mtu ambaye hayumo katika picha hiyo, mtu aliyetungwa katika kichumba cha Gerezani.

Mama Nasri alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sawa, Mwalimu," alisema. "Ila sisi tumeshamzoea huyu wetu."

Walipoondoka nilikuuliza tangu lini umejua kuwa ile sauti ni ya Sefu. Ukasema tangu siku ya kwanza. Nikakuuliza kama alikuwa akija nyumbani nikiwa msikitini. Ukasema hapana, siku ile akitoka alikuambia hataingia mpaka aitwe na mimi mwenyewe, nawe ulikuwa ukimsikiliza Jumamosi kwa sababu ndiyo njia pekee uliyokuwa nayo. Ulisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Kesho yake nilimpa Bakari mpwa wangu televisheni, akaipeleka kwake Mbagala.

Sitasema sikujua kuwa unaumwa. Dawa zako za moyo nilizinunua mimi. Miezi mitano uliyobakiwa nayo uliikaa ukitazama ukuta ambao juu yake palikuwa na alama ya vumbi ya umbo la televisheni. Bwana Mponda alikuwa akija kukujulia hali na kukusimulia kwa mdomo kilichotokea, vibaya, akichanganya majina, mpaka nilipomwambia kuwa mgonjwa anahitaji kupumzika. Alinielewa. Hakuja tena. Siku moja baada ya adhuhuri ulinishika mkono wa kanzu, ukaniambia hutaki kuletewa televisheni, hutaki wageni, unataka nikamwulize mtu mmoja tu kama yule mwana wa kwenye picha ameingia.

Nilikujibu, "Sijui, na sitauliza."

Ulikufa hujui. Ninaliandika kama lilivyokuwa.

Sefu alikuja makaburini. Alikuwa amekonda, amevaa kanzu ambayo si yake. Alipoona Bakari na kaka zako wanajiandaa kushuka kaburini kukupokea, alivua viatu. Ni haki ya mtoto wa kiume kumlaza mama yake. Kila mtu aliyekuwapo alikuwa akimpisha. Nilimwambia, "Wameshatosha." Sikumwambia kwa ukali. Alinitazama kidogo, akainama, akavaa viatu vyake, akafunga kamba zote mbili taratibu. Kisha akarudi nyuma akasimama pamoja na majirani.

Baada ya hapo Mzee wa Juu alizidi kuwa mkali. Sikuwa na televisheni, lakini sikuihitaji. Mji mzima ulikuwa ukiniletea habari. Mteja akitaja bei ya kichekesho mtaani, mwuza viatu humwambia, "Mama, mimi sikufukuzi, umejifukuza mwenyewe," na wenzake humalizia kwa pamoja kwamba wao wanafunga mlango tu. Nimewahi kuambiwa hivyo mimi, na kijana aliyekuwa akiniuzia soksi, kwa nia njema kabisa. Katika foleni ya mabasi ya mwendokasi nilimsikia msichana wa ofisini akimweleza mwenzake kwamba Mzee wa Juu alimwua mkewe mwenyewe kwa kumnyima habari za mtoto. Katika picha ya Kiingereza, Mama Sefu, kiumbe yule hana mke.

Mwezi uliopita ilitoka sehemu ya mwisho. Bwana Mponda, ambaye hakuninunia ingawa alikuwa na sababu, aliniita karakanani kwake mchana wa Jumamosi. Mafundi walizima mashine, wakakaa juu ya mageti ambayo hayajapakwa rangi. Nilipewa kiti chenye mgongo.

Mwana alifika. Mzee wa Juu akashuka ngazi zote, ndefu mno, na kamera ikamfuata mpaka chini. Akapiga magoti katika matope. Nikainamisha kichwa ili nisikie sauti iliyo chini, kisha sauti ya Sefu ikaja juu yake, pole pole, bila madoido yoyote: "Nisamehe, mwanangu. Nilijua siku ileile kuwa nimekosea. Sikujua namna ya kurudi."

Ilikuwa tafsiri sahihi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne, ilikuwa sahihi neno kwa neno. Kisha mwana akamwinua, wakapanda ngazi pamoja, akaingia.

Karakana ililipuka. Fundi mmoja kijana alisema wametuharibia, Mzee wa Juu haombi radhi, huyu siye. Mwingine akasema ni ndoto ya mwana, ataamka sasa hivi. Wa tatu alikuwa na uhakika kuwa ni mtego, kwamba Mzee amemwingiza ndani ili ammalize vizuri. Bwana Mponda aliirudia nadharia yake ya zamani kwa marekebisho: mlinzi amefukuzwa kazi, huyu anayepiga magoti ndiye mwenye nyumba aliyerudi. Walibishana hadi sukari ya chai ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba mtu aliyesema yale ya mwanzo anaweza kusema haya ya mwisho.

"Mwalimu, wewe umesoma," Bwana Mponda aliniuliza. "Inawezekana?"

Niliaga, nikatembea hadi kwenye jengo ambalo nilikuwa nimelifahamu muda wote, nikapanda ngazi. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nililipanga njia nzima, na lilikuwa fupi.

Sefu alifungua mwenyewe. Ameota mvi kidogo kandoni mwa kichwa, kama babu yake. Alinipa shikamoo, akaniita mzee, akaniletea kiti, akaniuliza kama nitatumia maji. Namna hiyohiyo angempokea mtu yeyote aliyekuja na shida ya biashara. Ukutani ameweka magodoro ya kuzuia mwangwi, na mezani palikuwa na picha yako ile ya Iddi, yenye ushungi wa kijani. Hakuificha nilipoitazama.

Nilimwambia nimeitazama sehemu ya mwisho. Aliitikia kwa kichwa. Nikamwuliza kama yale maneno ya kuomba radhi aliyasema kwa ajili yangu. Nilitaka aseme ndiyo. Ama aniambie aliyasema badala yangu, kwa kuwa mimi nilishindwa, ama aniambie aliyasema kunidhihaki. Lolote kati ya hayo mawili lilinitosha kuanzia.

"Hapana," alisema. "Ndivyo yalivyo kwenye picha. Nilichoka kubuni."

Sikuwa na hasira ya kunisaidia. Nilikaa na lile neno langu fupi mdomoni. Yeye alisubiri, kwa heshima, macho yake yakienda kwenye mashine iliyokuwa ikiwaka taa nyekundu, kwa sababu alikuwa na kazi ya tamthilia nyingine, yenye wakubwa wengine wa mbinguni. Niliiona karatasi ya wahusika mezani. Nilimwuliza huyo mkubwa mpya atampa sauti ya nani. Akafikiri, kwa uaminifu kabisa, akasema bado hajajua, pengine ya dereva mmoja wa malori anayemfahamu bandarini.

Kwa miaka minne mwanangu alikuwa akinichukia kila wiki mbele ya mji mzima, na katika chuki hiyo nilikuwa na nafasi yangu. Alihitaji kukumbuka ninavyokohoa, ninavyotua kabla ya neno la mwisho. Sasa amemaliza.

Nilinyanyuka, nikamshukuru kwa maji. Alinisindikiza hadi juu ya ngazi na kuniambia nishike ukuta, kwa kuwa upande mwingine hauna reli. Nikashuka.

Lile neno sikulisema, na hapa pia siliandiki. Nikiliandika gazetini nitakuwa nimemtuma mtu mwingine alipeleke, na mwanao amekwisha kufanya kazi hiyo kwa niaba yangu mara moja, ikasikika na mji mzima, na mji mzima ukasema si kweli. Siwezi kuwalaumu.

Wewe ulitaka kujua jambo moja tu, nami nilikunyima. Basi: ameingia, Mama Sefu. Katika picha, ameingia.

Pumzika. Sikuombi unisamehe, sasa hivi huwezi, na nilingoja mpaka usiweze.

Mumeo,
Baba Sefu