Maji Yasiyo na Vyura

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1986. Nyakasanza, Bunia.

Mvua nyembamba tangu alfajiri, imekatika saa moja na nusu. Ukungu umekaa juu ya mabati mpaka karibu saa tatu. Baridi. Mama ameamka vizuri kidogo, amekula nusu ya kiazi kitamu na kunywa chai. Kidonda cha mkono wa kuume kimelowa tena. Nimebadilisha kitambaa kabla ya kwenda kazini.

Naandika haya kwa utaratibu, kama kila siku, kwa sababu nikianza na lile lingine sitafika mwisho.

Karatasi imefika.

Mama yuko kwangu tangu mwezi wa sita. Alipanda kutoka Bogoro juu ya lori la samaki, na kapu la mapapai, na viganja alivyokuwa akivificha ndani ya kitenge. Nilipovifunua niliogopa. Vilikuwa vimejaa punje ngumu, kama mtu amepanda mtama chini ya ngozi. Kifuani na mgongoni alikuwa na madoa, meusi na meupe, mfano wa matone ya kwanza ya mvua kwenye vumbi. Katikati ya kiganja cha kuume kulikuwa na kidonda ambacho, alisema, kilikataa kupona tangu Krismasi.

Daktari alikata kipande akakipeleka kuchunguzwa. Baadaye aliniita kwenye korido, mimi peke yangu. Ni kansa, na imeshaingia kwapani. Mama anajua kwamba kidonda ni kibaya. Jina lake hajaliuliza.

Ni daktari huyo aliyemuuliza kama amewahi kushika dawa za aina yoyote kazini. Mama alicheka.

“Dawa gani, dokta? Miye niko mulimaji tu.”

Halafu, kwa sababu anapenda kusimulia, akamweleza jinsi shamba letu lilivyo zuri, jinsi lilivyo chini ya josho la zamani la ng'ombe, na jinsi tunavyopata maji ya kumwagilia bila kuteremka mtoni. Daktari aliweka kalamu chini.

Nieleze josho, maana siku moja huenda hata mimi nitasahau. Ni mfereji mrefu wa saruji, wenye kina kupita kimo cha mtu, katika shamba la mifugo ambalo mzungu aliliacha. Zamani waliujaza maji na dawa ya kupe, wakapitisha ng'ombe mmoja mmoja, waogelee. Mzungu alipoondoka na ng'ombe wakatawanyika, josho lilibaki wazi, likawa linajaa maji ya mvua. Yakifurika yanateremka kwenye ardhi ya chini, na hapo ndipo mama analima. Mapapai, marakuja, nyanya, kabichi, vitunguu. Wakati wa kiangazi anachota kwa ndoo na kumwagilia.

Na akisikia kiu anakunywa.

Nilipomweleza alichoshuku daktari, mkubwa wangu katika ofisi ya kilimo, agronomu, alikwenda mwenyewe Bogoro mwezi wa saba. Alichukua udongo kwenye mifuko, maji kwenye chupa, papai moja, kabichi moja. Vyote vikapelekwa Kinshasa. Tangu hapo nimekuwa nikiangalia kila barua inayoingia ofisini.

Leo saa nne aliniita. Kwanza alinionyesha kiti.

“Sitwayene,” alisema, kwa jina la uraia tunaloitwa wanawake wote ofisini, “hii inatakiwa kupigwa nakala tatu. Unaweza kumpa mwenzako.”

Nikasema nitaipiga mwenyewe. Mimi ndiye daktilo, mpiga chapa wa ofisi. Niliweka karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi. Nikapiga. Aseniki. Katika maji nyingi sana, katika udongo nyingi, katika majani ya kabichi kiasi, katika papai kidogo. Namba sitaziandika hapa. Kuzipiga mara moja kumetosha.

Sikukosea hata herufi moja.

Nilipomaliza agronomu alinieleza taratibu, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye utelezi. Dawa ya kupe ya siku zile ilitengenezwa kwa aseniki, sumu kali, na hiyo haiozi. Mvua haiimalizi, inaihamisha tu. Tunda linachukua kidogo, majani yanachukua zaidi, lakini anayekunywa maji ndiye anayechukua yote.

Mimi nilikuwa Bunia. Nilikula matunda aliyonitumia. Mama alikunywa maji.

Nimefika nyumbani saa tisa. Alikuwa kwenye mkeka barazani anachagua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Kando yake kulikuwa na furushi lake, limefungwa tayari. Tangu Jumatatu anasema Jumamosi anarudi Bogoro, vitunguu vimefika wakati wake na Mama Furaha atakuwa amechoka. Mama Furaha ni jirani yake, ndiye aliyeachiwa shamba.

Nilikaa nikaanza kuangalia viganja vyake bila kujua kwamba naviangalia.

“Weye! Unaangalia mukono yangu sawa soda wa jeshi anaangalia karte ya mutu njiani! Wacha, iko na muhuri.”

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, moja, mbili, tatu, lakini yalitoka yamechanganyika. Nilisema udongo, nikasema maji, nikasema dawa ya kupe. Alisikiliza huku anatupa mawe ya maharagwe nje ya baraza.

“Adyeri,” alisema, kwa jina langu la nyumbani, “ule udongo ndio ulikulisha weye. Ulikusomesha mpaka unajua kupiga ile mashine yako. Na mvua ya miaka yote ile, dawa ya muzungu ingali inafanya nini mule?”

“Haiishi, mama. Wameipima.”

Akafikiri kidogo.

“Basi ndio maana siye hatuna kupe!”

Akacheka mpaka machozi, akajipangusa kwa bega. Mimi sikuweza. Alipoona sikucheka alirudia maharagwe yake, na nikajua kwamba hajakataa kuelewa. Alikuwa anajipa nafasi.

Hapo nilitakiwa kusema jambo la pili, ambalo mkubwa wangu hajui, daktari hajui, na ambalo nimelibeba tangu mwezi wa saba kama jiwe ndani ya kiatu.

Mahali pale nilipachagua mimi.

Nilikuwa bado naishi Bogoro, mwaka wa tatu wa sekondari. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kuchunguza kabla ya kuamua, na mimi nililipenda neno lile kuliko sala. Mama alikuwa anatafuta ardhi, kwa kuwa mchwa walikuwa wamemaliza mihogo yetu nyuma ya nyumba. Nikachukua vijiti vya mti laini, nikavichomeka mahali patatu. Nikasubiri majuma manne. Kila Jumapili baada ya misa nilivikagua, nikaandika kwenye kaye, daftari la shule.

Kaye hiyo bado ninayo. Nimetunza zote. Nikaingia ndani, nikaitoa chini ya sanduku, nikarudi barazani nikamsomea mama. Nilikuwa nimeandika kwa Kifaransa cha shule, hivyo nilikuwa namtafsiria mstari kwa mstari.

Mahali A, karibu na mto: mchwa wamekula vijiti vyote. Mahali B, nyuma ya nyumba: vyote. Mahali C, chini ya josho: hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Kisha ukurasa wa pili, kuhusu maji ya josho. Mistari imepigwa kwa rula.

Vyura: hakuna. Viluwiluwi vya mbu: hakuna. Maji ni safi.

Nilipiga mstari mara mbili chini ya neno safi.

Mwaka uliotangulia malaria ilikuwa imemchukua mdogo wangu Baraka, ndani ya siku tatu. Baada ya hapo mama hakuweza kuona dimbwi bila kulifukia. Ndipo mimi, msomi wa miaka kumi na sita, nikamletea habari ya maji ambayo mbu hawazai ndani yake. Nakumbuka alivyoinama akaangalia ndani ya josho kwa muda mrefu. Halafu akapiga ishara ya msalaba, akachota kwa mkono, akanywa.

Alikuwa wa kwanza kunywa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kalamu.

Nimeisoma mistari ile leo kama ya mtu mwingine. Kila kitu nilikiona. Macho yangu yalikuwa mazima. Wadudu wote walikuwa wamelikimbia lile shimo, chura hakukubali kuweka yai, na mimi nikaandika kwamba ni pazuri.

Mama alitupa jiwe jingine nje ya baraza. Halafu akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

“Ule mwaka ulikuwa na miaka ngapi?”

“Kumi na sita.”

“Na miye?”

“Makumi tatu na nane.”

“Sasa nani alikuwa mukubwa mu ile shamba?”

Alinisamehe haraka mno, kama anayefukuza nzi. Miezi mitatu nilikuwa nauogopa msamaha huo, na kuogopa kuukosa, na ulipokuja haukunipunguzia kitu. Nilikaa na kaye yangu mapajani nikiona aibu kwamba sijisikii nafuu.

Ndipo mkono wake wa kushoto ukasimama juu ya ungo.

“Adyeri. Mama Furaha.”

Sikuelewa mara moja. Yeye ndiye aliyeelewa.

Mwezi wa sita, alipokuwa anapanda lori, alimpa Mama Furaha ndoo na jembe na maagizo. Mwagilia jioni. Kula papai lolote unalotaka. Na maji ya kunywa yako pale pale, usijichokeshe kuteremka mtoni. Mama Furaha ana watoto watatu, na wanamfuata shambani kila siku.

Agronomu alipokwenda kuchukua chupa zake hakusema neno, kwa kuwa hakuwa na uhakika. Mimi nilikuwa na wasiwasi, nami sikusema, kwa kuwa nilingoja karatasi. Nilitaka kipimo kwanza. Ndiyo tabia yangu. Miezi mitatu wamekunywa wakati mimi nangoja kipimo.

“Miye nilimwambia,” mama alisema. “Si weye. Miye na kinywa yangu.”

“Mama, hukujua.”

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo naye, hata siku ya Baraka.

“Na weye pia hukujua. Unaona inasaidia?”

Haisaidii. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwezi wa saba, sasa tunalijua wawili. Ningependa kuandika kwamba mzigo wa watu wawili ni mwepesi, kama watu wanavyosema kwenye matanga. Leo sikuuona wepesi huo. Niliona uso wa mama ukiwa uso wangu.

Tumekaa hivyo mpaka jua likaingia chini ya bati. Halafu akavuta furushi, akalifungua kwa meno na mkono mmoja, akakataa nimsaidie. Alitoa mfuko wa mbegu za vitunguu alizokuwa amenunua sokoni juma lililopita, akauweka kando. Akatoa kopo la bati analotumia kunywea shambani, lenye jina lake alilolikwaruza Baraka kwa msumari. Hilo alilishika kwanza. Baadaye nalo akaliweka kando, mdomo chini.

“Jumamosi tunaenda siye wawili,” alisema. “Weye utasoma ile karatasi kwa Mama Furaha. Miye nitasema ile ingine.”

Miti ya mapapai iko ishirini na moja, yote aliipanda yeye. Najua siku ya kuikata panga litakuwa mkononi mwangu, kwa sababu wake hauwezi tena.

Wakati wa chakula amekula kidogo, maharagwe bila mboga. Nilipokuwa naosha sahani aliniita.

“Ile kaye yako ya zamani iko na nafasi chini?”

“Iko nayo.”

“Andika pale kama vyura walitushinda akili.”

Alitaka nicheke, na safari hii nilijaribu kwa ajili yake. Nimeandika kama alivyosema, kwa maneno yake, sio kwa Kifaransa. Nikaweka tarehe ya leo. Nikalifuta neno safi, mistari yote miwili, lakini wino wa zamani bado unasomeka.

Mama amelala saa mbili. Amelala upande wa kushoto, mkono wa kuume juu ya mto, kiganja kimefunguka kuelekea kwangu. Daktari alisema labda atafika Pasaka, na hilo neno “labda” alilisema mara mbili. Kesho au keshokutwa ataniuliza jina la kidonda. Najua nitamwambia. Nimemaliza kungoja vipimo kabla ya kusema.

Mvua imeanza tena, na hii ni nzito. Nasikia inapiga mabati kutoka upande wa ziwa. Maana yake inanyesha Bogoro pia. Josho linajaa.

Jumamosi ni mbali sana.

Malori matupu ya samaki yanateremka Kasenyi, ziwani, kila alfajiri, na yote yanapita Bogoro. Nimeandika barua fupi ya kuomba ruhusa kwa mkubwa wangu, jirani wa hapa ataipeleka kesho. Nakala moja ya karatasi nimeiweka ndani ya furushi, juu ya kitenge cha mama. Panga nimelifunga kwenye gunia. Nitamwamsha saa kumi alfajiri.

Nazima taa. Nalala saa tatu na dakika arobaini.