Muntu wa Ng'ambo Uliyemkana

Wewe uliyekuwa mume wangu,

Sikuiti mpendwa. Wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wanaotoka Bujumbura wameniambia uko huko na unataka kurudi hapa Uvira, tufungue tena orkestra, mimi niimbe kwa lugha zangu zote, kwa kuwa sasa ndivyo watu wanavyopenda. Nisikilize kwanza.

Uliponikuta mtaani Kimanga nilikuwa naimba harusini: ubeti wa Kifuliiru cha mama, kiitikio cha Kirundi cha baba, katikati Kiswahili chetu sote. Ulifuata kwa gitaa lako, ukinitazama kama mtu aliyeokota kitu. Uhuru ulipofika ukaanza kunionea haya. Uliandika "Mademoiselle Rosita" kwa rangi kwenye ngoma kubwa, ukanivisha wigi, ukanikataza kusema Kifuliiru mbele ya watu wa baa. Ukawaambia nimezaliwa Léopoldville, mji mkuu nisioujua hata kwa picha. Nilikubali kwa sababu nilikupenda.

Kisha waasi waliochukia mambo ya Kizungu wakauteka mji. Ulichoma karavati zako, tai za shingoni, uani, ukalikwangua lile jina ngomani, ukasema sasa tutaimba nyimbo za mababu tu. Mababu zako. Wale wa upande wa baba yangu, ulisema, wangetuletea matata kwa waasi.

Siku tulipokimbia kwenda kwa shangazi yako, wapiganaji wao walitusimamisha karibu na Nyamianda. Nilikuwa na mimba yako, imeshakuwa kubwa. Mmoja akauliza mbona natamka maneno kama Warundi. Nikakutazama. Wewe ukatazama ziwa.

"Minye simujue," ulisema, yaani hunijui kabisa. "Ni muntu wa ng'ambo."

Wakakuachia, ukaenda bila kugeuka. Mimi wakaniketisha chini, juani. Mkubwa wao akaniuliza niko wa wapi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wewe ulinifundisha vizuri, lakini nilikuwa nimeuchoka.

"Mama ni Mufuliiru, baba ni Murundi," nilimwambia. "Minye niko wote wawili."

Akanicheka, akasema basi niimbe nithibitishe. Nikaimba kama nilivyoimba harusini. Mama mmoja aliyelazimishwa kuwapikia aliweka mwiko chini, akaitikia kwa Kirundi. Halafu akamwambia yule mkubwa kwamba mimi ni mtoto wa hapa hapa, aniache. Akaniacha. Yule mama ndiye aliyenichukua, na nyumbani kwake ndiko nilikojifungulia.

Tangu hapo naimba hivyo, kwa jina nililopewa na wazazi, bila wigi, na anayekereka hutoka nje. Watu wanacheza. Huo ambao wauza ndagala wanasema unauita "mtindo wetu" haukuwa wako hata ulipokuwa unakulisha.

Una binti. Ana paji la uso lako, sikufichi. Nimempa jina la bibi yake Mfuliiru na jina la babu yake Mrundi, na yote mawili anayaitika. Jina lako sikuliandikisha. Usije.

Mimi,
mama wa huyo binti