Orodha ya Damu Imegoma Kufunguka

Mzee Akbarali,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe, nimeuacha.

Huu mwezi wa tatu tangu ututoke. Duka la Raskazone nalifungua saa mbili kama kawaida, wanafunzi wanakuja kutoa kopi, nawahudumia. Watu wananiuliza kama nimezoea. Nasema nimezoea. Kulia sijalia. Sijui kwa nini.

Kompyuta yako ya zamani ilikufa wiki moja baada ya arobaini. Faili zako nilikuwa nimeshazihamishia kwenye mpya, nikafungua ile orodha yako ya watu wanaojitolea damu. Ukurasa mweupe. Sababu uliwahi kunieleza: majina yamo kwenye faili la XML, na faili la pili, la mtindo, ndilo linaloyapanga yaonekane. Ndani ya huo mtindo ukapachika skripti ya kuchagua watu kwa kundi la damu. Kivinjari cha zamani kiliielewa. Hivi vipya, hapana. Nikasema nitashughulikia. Sikushughulikia.

Unakumbuka siku nzima tuliyopoteza kwa alama moja ya "ndogo kuliko", hii <? Ilikuwa ndani ya skripti, mtindo ukaidhani mwanzo wa tagi, vile vialama vinavyofungia kila jina, kila kitu kikagoma. Ulipoiona ulicheka hadi chai ikakumwagikia. "Mwanahawa, mwanangu, kialama hiki tu!"

Jumatatu iliyopita alikuja baba mmoja kutoka Mwera. Mkewe amejifungua, damu haikatiki, hospitali wanataka damu ya kundi O hasi. "Nimeelekezwa kwa mzee mwenye orodha," akasema. Nikamwambia umefariki. Akakaa chini palepale mlangoni.

Nikafungua faili lenyewe bila mtindo, maandishi matupu, tagi na majina yamebanana. Nikatafuta kwa macho, mstari kwa mstari. Wa kwanza hakupatikana. Wa pili kahamia Dodoma. Wa tatu nikapiga namba bila kusoma jina. Akapokea mkeo.

"Mwanahawa? Mbona wapiga simu ya marehemu?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Lilikuwa jina lako.

"Samahani, Mama Farida. Nilikuwa natafuta mtu wa damu."

 Akaniuliza kundi gani, nikamwambia. Akasema, "Mchukue Farida. Damu yake ni ya babake. Mzee hakumwandika kwa sababu mtoto anaogopa sindano."

Farida alikuja na bajaji, viatu vya ndani miguuni, tukaenda hospitali. Alipochomwa aligeukia ukutani, akanishika mkono mpaka ukafa ganzi.   Jioni, nimesharudi dukani, yule baba alipiga simu: mama mzima, mtoto wa kike mzima. Nikamwambia alhamdulillahi, nikafunga duka.

Juzi nimeitoa skripti yako kwenye mtindo, mzee. Niwie radhi. Nimetengeneza ukurasa wa kawaida unaofunguka popote, hata kwenye simu. Farida yumo, alijaza mwenyewe. Nilipofika kwenye jina lako nilikaa nalo muda mrefu. Sikulifuta. Nimeandika pembeni: marehemu. Ndipo nikalaza kichwa juu ya kibodi, mteja akaja akaondoka.

Mola akulaze pema, mwalimu wangu. Nakuahidi, kila mwanzo wa mwezi nitampigia kila aliyemo, nijue yupo na anapatikana.

Wewe sitakupigia tena.

Mwanahawa