Maharage Kwanza, Zege Ijumaa

Jumatatu, 6 Oktoba
Nyakisasa. Nimeita majina saa moja kamili, watu thelathini, wote wapo. Mbao za slabu ya ghorofa zimefungwa. Nondo zimebaki upande mmoja. Mashine ya zege inakuja Ijumaa tu. Jumamosi inakwenda Biharamulo, haitarudi mwezi mzima. Na slabu haiwekwi kiporo, humwagwa siku moja ikaisha. Bosi hakuficha: nikiikosa Ijumaa, bweni hili la wasichana anampa msimamizi mwingine. Sitaikosa. Ratiba zangu hazilegei.

Jioni mvua. Ya kwanza msimu huu.

Jumanne, 7 Oktoba
Wamekuja wanne. Wengine wanapanda maharage. Hakuna aliyeaga. Nimekasirika sana. Nikampigia mtu anayenitafutia vibarua Kabanga. Kacheka. Huko nako wanapanda.

Mzee Filipo, fundi wetu wa nondo, alikuwa mmoja wa wale wanne. Shamba lake halijaguswa. Nilimsalimu shikamoo, nikaanza kuwasema wenzake. Akaitikia marahaba, akaendelea kufunga waya.

"Binti, zege linangoja mashine. Udongo ukishalowa haungoji mtu."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Mimi mtoto wa mkulima wa Kanazi, ratiba ya Oktoba nimeiandika bila mvua. Ujinga wangu mwenyewe.

Mchana nimezunguka mashambani. Kila mtu na mkewe, peke yao, mstari kwa mstari. Kwa mwendo huo Ijumaa inapita. Watu kumi kwenye shamba moja wangemaliza haraka. Nimewaambia hivyo. Wamekubali, ila kila mmoja anataka lake liwe la kwanza. Wanaogopana: ukishapandiwa, kesho unasingizia tumbo.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimewagawa makundi matatu ya kupanda, kama ya kazini. Orodha mkononi, viatu vya matope. Filipo na watatu wamebaki kwenye nondo. Nilitaka kumpa zamu ya kwanza, akakataa.

"Niweke wa mwisho. Hapa hakuna wa kunitoroka."

Kweli, ugomvi wa zamu ulikwisha palepale. Mashamba kumi na tano leo. Mimi mwenyewe nimefukia mbegu mpaka kiuno kimekufa. Najisikia vizuri sana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hakuna aliyeugua tumbo. Nondo zimekwisha. Lakini saa tisa mvua ya mawe imetukimbiza. Limebaki shamba moja, la Filipo. Nimeona haya. Nimemwambia kesho asije kazini, akapande lake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefika saa kumi na mbili, Filipo yuko juu anakagua waya. Thelathini wote. Mashine iliwashwa saa moja, ikazimwa saa kumi na moja jioni. Makarai ya zege hayakusimama. Slabu nzima kwa mkupuo mmoja, bila kiungo. Bosi kauliza kwenye simu nani aliruhusu watu kwenda shamba siku mbili. Nikasema mimi. Akaomba ratiba ya mwezi ujao.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeita majina. Kazi ya leo: shamba la Filipo, watu wote. Mzee akasema slabu inahitaji wanne wa kuimwagilia maji isipasuke. Nikamwambia mmoja anatosha.

Nimepanda na kushuka ngazi na ndoo tangu asubuhi. Pipa la tatu sasa. Jua kali, mabega yanauma. Ng'ambo ya bonde wanaimba. Sijaona ufa.