Ubishi Wetu wa Roki

Jumanne, 5 Machi

Ubishi umeanza tena! Wimbo gani wa roki ni bora kuliko zote tangu dunia iumbwe. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hakuna muziki mwingine unaofaa – mashine zinanguruma, nyimbo za mapenzi zinamezwa, roki peke yake inapenya. Kidevu, mwenzangu wa kukunja mashuka, anasema bora ni ule wa kupigia miguu chini, wanaouimba viwanjani. Mimi nasema ule mfupi unaoanza na ukelele. Mjomba katudharau wote wawili. Yeye ndiye mwendesha mashine, ndiye aliyenitafutia kazi hapa, na ndiye aliyenilea na kanda zake za roki tangu natambaa. Wimbo wake ni ule mrefu. Mwanzoni gitaa moja tu, polepole, kama mtu anayeongea peke yake. Ngoma zinakuja baadaye sana, zinabomoa ukuta.

“Nyie mnapenda kelele,” akasema. “Roki ni ile subira kabla ya kelele.”

Maneno hayo! Nimeudhika kwa sababu ni mazuri.

Jumatano, 6 Machi

Moshi leo. Mashine moja ya kukaushia ilipata joto kupita kiasi, taulo zikaungua. Kengele yake ililia weee – na Mjomba yuko pale pale, katupa mgongo, anafuta mlango wa mashine nyingine. Nikakimbia nikaizima mimi. Akasema alikuwa mbali kimawazo. Msimamizi akamtazama tu. Mama huyu akinyamaza ni hatari kuliko akifoka.

Kura ya nyimbo ni Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana. Kidevu ataleta spika.

Ijumaa, 8 Machi

Laiti ningefunga mdomo.

Chumba cha mapumziko kilijaa, hata wa jikoni walikuja. Wimbo wangu ukapigwa kwanza – vifijo. Wa Kidevu – watu wakagonga meza mpaka chumvi ikamwagika. Nikaona nashindwa. Kisha zamu ya Mjomba. Akavuta kiti karibu na spika, akafumba macho. Gitaa likaanza, laini kabisa. Kidogo tu, simu ya Kidevu ikazima. Chaji! Kimya.

Mjomba akaendelea kutikisa kichwa. Taratibu, vidole vikicharaza hewani, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akaguna kicheko.

Nilitaka kushinda. Ndiyo hiyo tu, nilitaka kushinda! Nikamgonga bega: “Mjomba, wimbo umekatika zamani! Sasa tutasikilizaje hukumu ya kiziwi?”

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mjomba akafumbua macho. Akatazama spika. Akanitazama mimi. Hakucheka.

Nikageuka – Msimamizi mlangoni, sahani mkononi. Yeye pia hakuwa akicheka.

Jumamosi, 9 Machi

Wamemwita ofisini. Hagusi mashine tena mpaka apimwe masikio. Akikutwa hasikii, basi – kazi nyingine ya kumpa hawana. Ndivyo alivyoniambia Kidevu, aliyekuwa anapeleka mashuka ghorofani akasikia maneno hayo mlangoni pa ofisi.

Na mimi leo ndiyo naona. Ile tabia yake ya kuweka kiganja juu ya mashine! Nilidhani ni mazoea, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. Kumbe alikuwa anasikiliza kwa mkono. Na ile kauli yake ya kila siku, “nitazame ukiongea na mkubwa wako” – nilidhani anadai adabu.

Kidevu ananituliza: moshi ule ungemuumbua tu, leo au kesho. Labda. Lakini angeumbuliwa na moshi, si na mpwa wake.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwake. Mkewe kanifungulia, kaitikia salamu kwa mkato, karudi kwenye nguo zake za kupanga. Alikuwa anajua siku zote. Asubuhi humwamsha kwa kumgusa mguu.

Mjomba hakufoka. Afadhali angefoka! Nikapiga magoti nikaomba radhi, machozi yananitoka, nimeinamia zulia. Nilipomaliza yote akasema, “Inua uso, mama. Sijaokota hata neno.”

Ikabidi nianze upya. Kuomba radhi mara ya pili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na majirani wanasikia! Nilistahili.

Akanipa mkono niinuke. Akasema ule mwanzo wa wimbo, lile gitaa, ameukosa miaka sasa. Anausikia kichwani tu. “Pengine nimeshautunga upya,” akasema. “Nabishana nanyi kwa wimbo ambao haupo.”

Akaniomba nimwimbie. Nikasogea kwenye sikio la kulia, nikauimba ule mwanzo, la-la-la.

“Unaharakisha,” akasema.

Sijui kama alisikia kweli. Au ni ubishi tu.

Kuniaga akaniambia Jumanne nimsindikize kupimwa. “Ukae mahali nitakapokuona.” Nikakubali upesi. Nadhani anataka kutiwa moyo.

Jumanne, 12 Machi

Naandika hapa hapa kwenye benchi la kliniki. Mjomba yuko ndani ya kile kijichumba cha kupimia, kavalishwa vitu vya masikioni, tunaonana kwa kioo. Mpimaji kakaa huku nje, kanipa mgongo. Akibonyeza kitufe, mlio unakwenda masikioni kwa Mjomba. Akiusikia, anyooshe mkono. Hayo tu.

Kidole cha mpimaji nakiona vizuri. Mjomba hakioni, kimefichwa na mashine. Ananiona mimi.

Kabonyeza mara ya kwanza – Mjomba kanyoosha. Ya pili kanyoosha. Ya tatu – kimya. Ya nne – kimya. Ndipo akaacha kutazama mbele, akanitazama mimi. Kainua nyusi kidogo tu.

Nimeelewa. Kichwa changu kikiinama kidogo, atanyoosha mkono, na atarudi kazini. Atarudi kwenye mashine zile zile, zenye kengele asizozisikia, na Kidevu na wengine wote wakiwa mle ndani. Nisipoinamisha, nimemfukuza mara ya pili, na safari hii hakuna kicheko cha kujifichia.

Kidole kimebonyeza tena.

Ananitazama. Shingo yangu imekuwa jiwe, kalamu tu ndiyo inayosogea.